Baiskeli ya Mbio Iliyotumika: Usimalize Fedha Zote kwa Muuzaji

Ukurasa wetu wa afya umezoea kuzungumzia malaria, lishe ya watoto na maji safi. Mwezi huu tunazungumzia baiskeli. Msishangae. Muuguzi aliyekaa miaka mingi katika chumba cha majeruhi anazijua baiskeli kwa upande ambao muuzaji hauoni. Anazijua kwa magoti yaliyochubuka, kwa meno yaliyovunjika na kwa mitulinga iliyokatika.

Hasa nataka tuiangalie baiskeli ya mbio iliyokwisha kutumika, ile yenye matairi membamba na usukani uliopinda kuelekea chini kama pembe za kondoo dume. Baiskeli hizi huja pamoja na mitumba kutoka ng'ambo. Vijana wanazipenda kwa kuwa ni nyepesi na zina mwendo. Wazazi nao wanazipenda kwa kuwa hazinywi mafuta na hazidai nauli. Yote hayo ni kweli. Lakini ipo kweli nyingine, ambayo kijana mmoja alinifundisha akiwa amelala kitandani.

"Nitatengeneza mwisho wa mwezi"

Jioni moja kijana huyo aliletwa hospitalini kwetu akiwa amelazwa nyuma ya pikapu. Alikuwa amenunua baiskeli ya mbio wiki tatu tu kabla ya siku hiyo. Wanaoujua mteremko wa kutoka Iringa mjini kushuka Ipogolo watanielewa haraka. Pale baiskeli haihitaji kusukumwa, inahitaji kuzuiwa. Katikati ya mteremko waya wa breki ya mbele ulikatika. Akaibana breki ya nyuma, kumbe raba zake zilikwisha siku nyingi. Mbele yake kulikuwa na lori. Alichagua kujitupa mtaroni.

Alivunjika mtulinga, akapoteza meno mawili ya mbele, na kidevu chake kilihitaji kushonwa. Nilipokuwa namsafisha kidonda aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mama, nilijua breki ni mbovu. Nilisema nitatengeneza mwisho wa mwezi."

Ndugu msomaji, kijana yule hakuwa mzembe. Alikuwa mtu mwenye fedha kidogo aliyefanya jambo ambalo wengi wetu hulifanya: alichukua akiba yake yote akampa muuzaji, akabaki na baiskeli na mfuko mtupu. Waya wa breki bei yake ni ndogo kuliko picha moja ya eksirei. Lakini siku ile hakuwa na hata hiyo bei ndogo.

Basi somo letu la leo ni hili: bei ya baiskeli iliyotumika ni kile unachompa muuzaji, pamoja na kile kinachohitajika ili baiskeli isimame vizuri na ikuenee mwilini. Asiyehesabu sehemu ya pili bado hajajua bei.

Kwanza pima kazi, ndipo upime fedha

Mwaka jana jirani yangu, mama anayeuza mboga, alinijia nyumbani. Mwanawe wa kwanza alikuwa amepata kazi mjini, kilometa 7 kutoka kwao, na nauli ilikuwa inakula mshahara. Mama huyu alikuwa amepokea zamu yake ya upatu, shilingi 300,000.

"Dada," akaniambia, "mtoto ameona baiskeli ya mbio ya bluu, inang'aa kama mpya. Anataka twende kesho. Wewe unasemaje?"

Nikamwuliza swali la kwanza: "Ataitumia kwa kazi gani?" Swali hili lisirukwe. Mtu anayebeba mkaa, maji au gunia la viazi, au anayempeleka mke wake kliniki, asinunue baiskeli ya mbio. Matairi yake membamba na spoku zake chache havikutengenezwa kwa mizigo hiyo, na nyingi hazina mahali pa kufungia keria. Mtu huyo anunue ile nzito ya kawaida, ambayo vipuri vyake vinapatikana hadi vijijini. Lakini kijana huyu angekuwa peke yake, na mkoba mdogo mgongoni, na sehemu kubwa ya njia yake ni lami. Kwake baiskeli ya mbio inafaa.

Inafaa pia kwa afya yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Mtu anayetumia dakika 15 kwenda kazini na dakika 15 kurudi, siku 5 kwa wiki, amekwisha kuzitimiza bila kulipa kiingilio popote. Mazoezi ya namna hii husaidia kuzuia shinikizo la damu na kisukari, magonjwa ambayo siku hizi tunayaona hata kwa watu wasiofikia miaka 40.

Tulimwendea fundi mmoja mzee wa baiskeli. Yeye alitupa kanuni moja nyepesi: theluthi moja ya fedha isifike sokoni. Mama akahesabu 200,000 akafunga kwenye kanga yake. Zile 100,000 akaniachia mimi nimtunzie. Kijana hakufurahi, kwa sababu baiskeli ya bluu ilikuwa inauzwa 280,000. Lakini alitufuata.

Baiskeli ya kwanza: nzuri ya macho

Jumamosi asubuhi tulikuwa sokoni sisi wanne. Baiskeli ya bluu ilikuwepo, imepakwa mafuta hadi tairi zinang'aa. Muuzaji, kwa kuona tuko na fundi, alishusha bei hadi 230,000 kabla hatujasema neno. Mama alinitazama kwa jicho la kusema, "Unaona?"

Fundi hakutazama rangi. Alitoa sumaku ndogo mfukoni akaigusisha kwenye fremu. Haikunasa. Akatueleza kwamba sumaku ikinasa fremu ni ya chuma. Isiponasa yaweza kuwa aluminiamu, au kaboni, ambayo ni nyuzi zilizogandishwa kwa gundi. Fremu zote hizi ni nzuri zikiwa nzima. Tofauti huonekana zikivunjika. Fremu ya chuma yaweza kuchomelewa na fundi stadi. Ya aluminiamu ikichomelewa ovyo hupoteza nguvu mahali palepale palipochomelewa. Ya kaboni yaweza kuwa na ufa ndani huku nje inaonekana safi. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo, akipata ya chuma isiyo na kutu ya kula, aipendelee hiyo.

Kisha akaigeuza baiskeli matairi juu, akafuta vumbi kwa kitambaa na kupitisha ukucha polepole kwenye maungio. Chini ya bomba la mbele, karibu na pale usukani unapoingia, ukucha ulikwama. Palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umepita juu ya rangi na kuzunguka nusu ya bomba.

"Huu ni ufa," akasema kwa upole. "Leo unywele, kesho panga."

Fremu ikivunjika mahali hapo, gurudumu la mbele na usukani huachana na baiskeli, na mpandaji huangukia uso. Majeraha ya namna hiyo nimeyaona, wala siwezi kuyaeleza yote katika gazeti linalosomwa na watoto. Ufa katika fremu haulipiwi punguzo la bei. Baiskeli yenye ufa huachwa, hata ukipewa bure.

Unapokagua fremu, tazama hasa sehemu hizi: maungio ya mbele karibu na usukani, sehemu ya katikati inakozungukia mikono ya pedeli, na pale magurudumu yanapokaa. Rangi iliyokunjamana nyuma ya bomba la usukani ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Tazama pia foku kutoka upande: ikiwa imerudi nyuma kuelekea pedeli, nayo iligonga.

Ipo njia ya kujua kama fremu imenyooka bila chombo cha gharama. Chukua uzi, ufunge upande mmoja nyuma pale ekseli inapokaa, uupeleke mbele, uuzungushe kwenye bomba la usukani, uurudishe nyuma upande wa pili na kuufunga vilevile. Halafu pima kwa rula nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Vikipishana kwa kiasi kikubwa, iache.

Baiskeli ya pili: kubwa ya jina

Baiskeli ya pili ilikuwa Peugeot ya zamani, ya chuma, nyekundu. Haikuwa na ufa, na uzi ulionyesha kwamba imenyooka. Kijana alikwisha kuipenda. Lakini alipoivuka na kusimama juu yake na miguu yote miwili chini, bomba la juu lilimkaba. Ilibidi asimame kwa ncha za vidole.

Hapa niliingia mimi, kwa kuwa hii ni kazi yangu. Ukisimama juu ya baiskeli ya mbio, na nyayo zote zimekanyaga chini, pawepo nafasi ya sentimeta 2 au 3 kati yako na bomba la juu. Pasipokuwa na nafasi, siku utakaposimama ghafla utaumia mahali ambapo mwanamume hapendi kumwonyesha hata muuguzi.

Aidha, fundi alikuwa na neno lake. Baiskeli nyingi za Kifaransa za miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa nyuzi za skrubu za vipimo vyao wenyewe. Sehemu ya katikati ikifa, kipuri cha kawaida hakiingii. Baiskeli yenyewe si mbaya, ila inamfaa mtu mwenye muda na fedha za kutafuta vipuri. Hapa tukajifunza kwamba jina lililoandikwa kwenye fremu si sababu ya kulipa zaidi. Swali la maana ni hili: kipuri chake kinapatikana katika duka lililo karibu nawe?

Baiskeli ya tatu: ile ambayo hakuna aliyeitazama

Ya tatu ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya marobota ya mitumba. Rangi ya kijivu, imechubuka, kiti kimepasuka, tairi zimekauka. Muuzaji mwenyewe alishangaa tulipoiulizia. Sumaku ilinasa. Ukucha haukukwama popote. Uzi ulionyesha tofauti ya milimeta 1 tu. Kijana alipoivuka, nafasi ilikuwa vidole viwili.

Fundi aliipima sehemu kwa sehemu. Nimeandika hapa alivyofanya, ili nawe uweze kufanya.

1. Magurudumu. Inua baiskeli, zungusha gurudumu, utazame nafasi kati ya rimu na raba za breki. Gurudumu likiyumba kidogo, spoku hukazwa. Likiruka juu na chini, rimu imepinda. Kisha pitisha kidole ubavuni mwa rimu, pale raba zinapobana. Pakiwa pamebonyea kama sahani, rimu imeliwa na breki na yaweza kupasuka.

2. Uchezaji. Shika gurudumu ulisukume kushoto na kulia. Likigonga, gololi au mahali zinapokaa vimelegea au vimekwisha. Fanya hivyo pia kwa mikono ya pedeli. Halafu bana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma. Usukani ukigonga, unahitaji kukazwa.

3. Cheni. Chukua tepu ya fundi cherehani, upande wa inchi. Weka mwanzo wa tepu katikati ya pini moja ya cheni na uhesabu pini 24 mbele yake. Cheni mpya hupima inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu 1 ya 16 ya inchi, cheni ibadilishwe. Ikizidi kwa sehemu 1 ya 8, kwa kawaida na meno ya gia yamekwisha, na gharama inaongezeka.

4. Kiti na usukani. Legeza skrubu, hakikisha bomba la kiti linapanda na kushuka. Likiwa limeganda ndani ya fremu, hutaweza kupata urefu unaokufaa, na kulitoa ni kazi kubwa. Angalia na bomba la usukani vilevile.

5. Breki. Vuta kila mkono wa breki kwa nguvu zako zote. Usifike kwenye usukani. Kagua waya pale unapoingia kwenye mkono wa breki, maana hapo ndipo nyuzi huanza kukatika moja moja. Ukiona hata uzi mmoja umenyanyuka, waya huo ni wa kutupwa.

6. Ukubwa wa tairi. Jambo hili limewatesa wengi. Tairi nyingi za baiskeli za mbio zimeandikwa 700C, na kipimo chake halisi ni 622. Za zamani zimeandikwa 27 x 1 1/4, kipimo chake 630. Zile nzito za kawaida ni 28 x 1 1/2, kipimo chake 635. Ukisikia 27 na 28 utadhani zinakaribiana, lakini hakuna hata moja inayoingia vizuri kwenye rimu ya nyingine. Soma namba ubavuni mwa tairi, kisha ulizia dukani kama wanayo, kabla hujalipa. Angalia pia valvu: ile nyembamba yenye kijiti cha kulegeza haijazwi na kila pampu.

Ile ya kijivu ilikuwa ya 700C, nayo foku yake ilikuwa na nafasi ya kutosha kuweka tairi nene kidogo, jambo linalosaidia sana anayemalizia safari yake kwenye changarawe. Gia zake zilikuwa chache, 6 tu nyuma, na fundi akasema hiyo ni baraka kwa maskini, kwa sababu friwili ya namna hiyo ni ya bei nafuu.

Tulilipa 185,000.

Hesabu ya mama

Bei za kwenu zaweza kuwa tofauti, lakini yafaa kuona jinsi hesabu ilivyokwenda. Kutoka zile 200,000 zilibaki 15,000, tukaziunganisha na 100,000 nilizotunza. Jumla 115,000. Nyaya 2 za breki na raba 4 zilikuwa 16,000. Tairi 2 na mipira yake ya ndani, 52,000. Cheni, 12,000. Grisi, gololi na kazi ya fundi, 15,000. Jumla 95,000. Zikabaki 20,000, na mama akaongeza kidogo za mboga wakapata helmeti na taa ya nyuma.

Sasa tafakari: wangenunua ile ya bluu kwa 280,000, wangebaki na 20,000. Hata bila ule ufa, wasingeweza kubadilisha tairi wala kulipa fundi. Wangesema kama yule kijana wa Ipogolo: mwisho wa mwezi.

Ikiwa fedha zako hazitoshi kufanya yote kwa mara moja, fuata mpangilio huu: breki kwanza, tairi pili, taa na helmeti tatu. Cheni inayopiga kelele yaweza kusubiri kidogo. Kiti kilichopasuka kishonwe. Rangi iwe ya mwisho, au isiwepo kabisa.

Irekebishe ikuenee

Wagonjwa wengi huja na maumivu ambayo dawa yake ni spana. Goti likiuma upande wa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma kwa nyuma, mara nyingi kiti kiko juu mno. Njia ya kupima ni rahisi: kaa kwenye kiti huku mtu amekushikilia, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukianza kuendesha kwa kukanyaga na sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Unapopandisha kiti, usipite alama iliyochongwa kwenye bomba. Bomba lililoingia kidogo mno huvunjika au hupasua fremu.

Kidole kidogo na jirani yake vikifa ganzi, mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja unabanwa. Usukani uko mbali au chini mno. Badilisha mahali pa kushika kila baada ya dakika chache, na zungushia usukani kitambaa kinene kilichokazwa vizuri. Ganzi sehemu za siri ni dalili kwamba kiti kimeinama vibaya au hakikufai. Usione haya kukirekebisha.

Tena, ziba ncha za usukani. Bomba lililo wazi, mtu akiangukia, hukata tumbo kama kopo la bati lililokatwa, na hata bila jeraha la nje laweza kupasua bandama au ini. Kizibo cha dukani kikikosekana, chonga kipande cha mti laini ukikaze. Hakigharimu kitu.

Kabla ya kuondoka sokoni

Tazama namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini, sehemu ya katikati. Iandike kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji, tarehe na bei, na shahidi mmoja atie sahihi. Namba ikiwa imepigwa tupa, au muuzaji akikataa kuandika, ondoka. Baiskeli ya wizi si rahisi hata ikiuzwa kwa bei ya kuku, kwa maana utanyang'anywa na aibu utabaki nayo.

Helmeti isinunuliwe ikiwa imewahi kuanguka au ina ufa ndani. Hiyo imekwisha kufanya kazi yake. Mikanda ikazwe, na kofia ikae usawa juu ya paji la uso, isirudi kisogoni. Usimpakie mtoto kwenye bomba la mbele. Mguu wa mtoto ukiingia kwenye spoku, kisigino huchunwa, na kidonda cha kisigino huchukua muda mrefu kupona.

Ajali ikitokea

Michubuko ioshwe kwa maji safi mengi na sabuni hadi mchanga utoke. Usiweke majivu, grisi wala kinyesi cha mnyama. Nenda kituo cha afya uulizie chanjo ya pepopunda. Aliyegonga kichwa apelekwe hospitali haraka akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akisema maneno yasiyoeleweka, akitoka damu au maji sikioni au puani, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine. Aliyeumia shingo asivutwe kwa mikono. Asubiriwe msaada akiwa amelala palepale, watu wakizuia magari. Aliyegongwa tumboni na usukani aangaliwe hata kama anasema hajambo.

Wapendwa wasomaji, kijana wa jirani yangu hupita mbele ya nyumba yangu kila siku saa 12 na nusu asubuhi. Hupiga kengele na kusema, "Shikamoo mama," nami humwitikia, "Marahaba, breki vipi?" Hubana breki palepale mlangoni ili nione. Baiskeli bado ni ya kijivu. Rangi anasema ataipaka mwisho wa mwezi, na kwa rangi nimemkubalia.